SOMO LA KOMPYUTA: Kuirudisha Mashine Ilivyokuwa Bila Kupoteza Kazi ya Mwanafunzi



Mwaka huu nimeombwa niandike somo la chumba cha kompyuta. Wengi wenu mnajua kuwa chumba chetu cha Korogwe kina kompyuta sita, na wenzetu wa tawi la Handeni wanazo nne. Mnajua pia, maana habari hazina miguu lakini hutembea, kwamba muhula uliopita kazi za wanafunzi kumi na tisa zilipotea usiku mmoja. Yamesemwa mengi. Wako waliosema ni virusi, wako waliosema ni umeme, na mzazi mmoja alinivuta pembeni baada ya swala akaniuliza kwa adabu kama kuna mtu ana chuki na madrasa yetu. Jibu ni jepesi kuliko yote hayo. Kazi zile nilizifuta mimi, kwa mkono wangu, na nilikuwa nimefurahi wakati nazifuta.

Nitaeleza ilivyokuwa. Lakini kwanza inabidi tukijue chombo chenyewe, kwa sababu asiyekijua hataona kosa lilikuwa wapi.

Kompyuta ndani ya kompyuta

Mtu anayejifunza kompyuta lazima aharibu. Atafuta kisichofutwa, atabadilisha lugha ya mashine iwe ya Kichina asijue njia ya kurudi, ataingiza flashi iliyotoka kibandani ikiwa imejaa virusi. Tukimkataza asiguse, hatajifunza. Tukimwachia, mwalimu atakesha akipanga programu upya. Miaka ya mwanzo mimi nilikesha sana, na wakati mwingine darasa zima lilikaa wiki mbili likitazama ubao kwa kuwa kompyuta tatu kati ya sita zilikuwa zimelala.

Dawa yake ni mashine pepe. Neno pepe lisiwatishe wazee, si pepo. Maana yake ni kompyuta ambayo haina mwili wake yenyewe, bali imetengenezwa na programu ndani ya kompyuta nyingine. Mwanafunzi akikaa mbele ya kioo anaona kompyuta kamili, yenye diski yake, programu zake na mafaili yake. Kumbe diski ile yote ni faili moja kubwa lililomo kwenye kompyuta ya kweli, ambayo tunaiita mwenyeji. Akiiharibu, ameharibu faili. Mwenyeji hajaguswa.

Fikra hii si mpya. Kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mfumo wa VM/370 mwaka 1972, ili watu wengi watumie kompyuta moja kubwa na kila mmoja aone kama ana yake peke yake. Kwenye kompyuta za mezani ilienezwa na kampuni ya VMware kuanzia 1999. Sisi tunatumia VirtualBox, iliyotengenezwa na kampuni ya Kijerumani, innotek, ambayo mwaka 2007 ilitoa toleo la wazi. Mwaka uliofuata ikanunuliwa na Sun, na 2010 Sun nayo ikaingia mikononi mwa Oracle. Inapatikana bure, na kwa madrasa hiyo ni sifa kubwa. Anayetaka kuijaribu nyumbani aangalie kwanza kichakato cha kompyuta yake. Intel walianza kuweka msaada wa mashine pepe ndani ya vichakato vyao mwaka 2005 na AMD mwaka 2006, lakini kompyuta nyingi za mitumba huja msaada huo ukiwa umezimwa kwenye mipangilio ya kuwashia. Mbili kati ya zetu zilikuwa hivyo, na fundi mmoja alikwisha tuambia ni mbovu.

Snapshoti ni kitu gani

Chukua ukurasa wa kitabu. Weka juu yake karatasi ya nailoni inayoonyesha upande wa pili. Sasa andika unavyotaka, kata maneno, chora, ongeza. Macho yako yanaona ukurasa uliobadilika, lakini ukurasa wenyewe chini ya nailoni uko vilevile. Ukitaka kurudi mwanzo huhitaji kufuta kwa raba. Unatoa nailoni ile, unaitupa, unaweka mpya.

Hivyo ndivyo snapshoti inavyofanya kazi. Ukiamuru mashine pepe ichukuliwe snapshoti, VirtualBox haiinakili diski yote. Inalifunga faili la diski lisiandikwe tena, kisha inafungua faili jipya dogo juu yake. Kila kinachobadilika tangu dakika hiyo kinaandikwa kwenye faili dogo. Ndiyo maana kuichukua ni sekunde chache tu hata kama diski ni kubwa, na kuirudisha ni sekunde chache pia: faili dogo linatupwa, linafunguliwa jingine tupu.

Hapa pana mambo matatu ambayo watu huyakosea, na mimi nimeyakosea yote.

La kwanza ni kudhani snapshoti ni nakala ya akiba. Siyo. Nailoni bila ukurasa ulio chini yake haisomeki. Diski ya mwenyeji ikifa, ukurasa umekwenda na nailoni zake zote zimekwenda, hata ziwe ishirini.

La pili ni kurundika. Snapshoti juu ya snapshoti juu ya snapshoti, mashine inazidi kuwa nzito na diski ya mwenyeji inajaa. Ikijaa kabisa, VirtualBox inaisimamisha mashine pale pale, mtoto anabaki anabonyeza vitufe bila jibu.

La tatu ni hofu ya kufuta snapshoti. Watu hudhani ukiifuta utapoteza kazi ya leo. La hasha. Kuifuta ni kuyateremsha maandishi ya kwenye nailoni yaingie kwenye ukurasa wa chini, na mashine inabaki kama unavyoiona sasa. Unachopoteza ni uwezo wa kurudi kule nyuma tu. Ila kazi hiyo huchukua muda na nafasi ya diski, na umeme ukikatika katikati yake mashine inaweza kuharibika. Kituo cha umeme cha Hale, kilichojengwa mwaka 1964 kwenye maji ya Mto Pangani, hakiko mbali nasi, na kile kikubwa zaidi cha New Pangani cha mwaka 1995 kiko huko huko chini. Kukaa jirani na jiko hakumzuii mtu kulala na njaa. Kwa hiyo sisi tunafuta snapshoti asubuhi mapema, na kompyuta ikiwa kwenye betri ya akiba.

Skripti

Kila kompyuta yetu ya Korogwe ina mashine pepe tatu: ya kundi la asubuhi, ya jioni, na ya Jumamosi. Sita mara tatu ni kumi na nane. Kuzirudisha zote kwa kubonyeza kipanya kimoja kimoja kulinichukua karibu saa nzima, na kila mara nilisahau moja. Skripti ni karatasi ya maagizo ambayo kompyuta inaisoma kutoka juu hadi chini na kuyatekeleza bila kuchoka na bila kusahau. VirtualBox ina amri zake za kuandikwa, na skripti yangu ya kwanza ilikuwa hii:

#!/bin/bash
for M in asubuhi jioni jumamosi
do
  VBoxManage controlvm $M poweroff
  VBoxManage snapshot $M restore safi
done

Maana yake: kwa kila mashine katika hizi tatu, izime, kisha irudishe kwenye snapshoti inayoitwa "safi". Snapshoti ya "safi" niliichukua siku nilipomaliza kupanga programu zote, kwa amri hii:

VBoxManage snapshot asubuhi take safi

na nikarudia hivyo kwa zile mbili nyingine. Kwenye kila kompyuta ninaiendesha skripti mara moja. Kazi ya saa nzima ikawa ya dakika kumi, nayo ni dakika za kutembea kutoka meza hadi meza.

Usiku wenyewe

Katika somo la mirathi, darasa la nne walipewa kazi. Kila mmoja akae na wazee wake aandike ukoo: nani yu hai, nani ametangulia, baba ana ndugu wangapi, wa baba na mama mmoja au wa upande mmoja, bibi alizaa wangapi na wangapi walibaki. Asiyeujua ukoo hawezi kugawa mirathi, hata azijue hesabu namna gani. Watoto walifanya vizuri kuliko nilivyotegemea. Wengine walikwenda hadi vijiji vya Handeni kwa babu zao. Walirudi na madaftari, na wengine walirudi na majina kichwani, wakakaa wiki tatu wakiyachapa kwenye majedwali.

Majedwali hayo waliyahifadhi ndani ya mashine pepe, pale kwenye uso wa mashine, kwa kuwa sikuwaelekeza mahali pengine. Siku ya Alhamisi baada ya Isha nikasema nitayarishe chumba kwa ajili ya Jumamosi. Nikaendesha skripti kompyuta ya kwanza hadi ya sita. Haikugoma hata mara moja. Nikafunga mlango, nikaenda kulala.

Jumamosi mtoto wa kwanza kukaa aliniita. "Ustadh, jina la babu halipo." Nikamwambia atafute vizuri. Kisha wa pili akaita, na wa tatu, na hapo ndipo nilipohisi baridi tumboni. Mashine zilikuwa safi kweli kweli, kama zilivyokuwa miezi miwili nyuma.

Nilihangaika siku nne na sikupata kitu. Faili dogo lilikwisha tupwa, na jipya lilikuwa tupu. Mama mmoja alikuja kuniuliza: "Ustadh, mtoto anasema kazi yake imeliwa na kompyuta, ni kweli?" Nikamwambia hapana mama, kompyuta imefanya nilichoiamuru, nimeifuta mimi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi mwandikie barua bibi yake, umweleze wewe." Niliandika.

Sita kati ya kumi na tisa walikuwa na madaftari. Kumi na tatu ilibidi warudi kwa wazee wao kuuliza upya. Mzee mmoja wa upande wa Handeni alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki katika siku hizo, Allah amrehemu. Mjukuu wake aliyapata majina kwa mama yake, isipokuwa ndugu wawili wa bibi huyo waliohama zamani, ambao hakuna tena anayeyakumbuka majina yao. Katika jedwali la mtoto yule nafasi hizo mbili ziko wazi hadi leo.

Babu zetu walisoma kwa mbao. Mwalimu aliandika kwa wino, mtoto akasoma akahifadhi, na ubao haukuoshwa mpaka mtoto amesikilizwa. Mimi niliosha mbao kumi na tisa bila kumsikiliza hata mmoja. Wala sikuzembea kwa uvivu. Nilikuwa na bidii, tena na chombo kizuri mkononi. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi kuliko ningekuwa nimesahau tu.

Skripti tuliyo nayo sasa

Jambo la kwanza tulilofanya halihusu skripti. Tulitenganisha mashine na kazi. VirtualBox inaruhusu folda ya mwenyeji ionekane ndani ya mashine pepe kama vile ni yake. Folda hiyo haimo kwenye diski ya mashine pepe, kwa hiyo snapshoti haiigusi, irudishwe mara mia. Tumeiita "kazi", na kila mwanafunzi ana folda yake humo. Kuna njia nyingine, kuipa mashine diski ya pili iliyowekwa katika hali ambayo snapshoti haiihusu, lakini kwa watoto folda ni rahisi kueleweka. Programu za kuandikia nazo tulizipanga ili zihifadhi humo zenyewe kabla ya kuichukua "safi" upya.

Kisha skripti ikawa hivi:

#!/bin/bash
AKIBA=/media/darasa/akiba
LEO=$(date +%F-%H%M)
mountpoint -q $AKIBA || exit 1
cp -r /home/darasa/kazi $AKIBA/$(hostname)-$LEO || exit 1
for M in asubuhi jioni jumamosi
do
  VBoxManage controlvm $M poweroff
  sleep 5
  VBoxManage snapshot $M restore safi
done

Itazameni mistari miwili inayoishia na "|| exit 1". Mistari miwili iliyosimama pamoja maana yake ni "ikishindikana", na maneno yanayofuata maana yake ni "acha kila kitu utoke". Wa kwanza unauliza kama diski ya akiba imechomekwa kweli. Bila swali hilo, folda tupu yenye jina lile ikibaki kwenye mwenyeji, nakala itaingia humo, nasi tutadhani tumehifadhi nje. Wa pili unanakili folda ya kazi, kwa jina la kompyuta pamoja na tarehe na saa, ili nakala ya leo isiifunike ya jana. Nakala isipokamilika, labda kwa kuwa diski imejaa, skripti inasimama na hakuna mashine inayorudishwa. Ubao hauoshwi.

"sleep 5" ni kungoja sekunde tano. Mashine ikizimwa, VirtualBox haiiachii papo hapo, na ukiiamuru irudi kabla haijaachiwa inakataa. Nayo amri ya kuzima ni kama kuchomoa waya. Aliyekuwa hajahifadhi amepoteza. Kwa hiyo skripti haiendeshwi mpaka kiranja wa chumba aseme wote wametoka. Mashine ambayo ilikuwa imezimwa tayari italeta ujumbe wa kosa. Msishtuke, skripti itaendelea.

Diski ya akiba nayo haikai Korogwe. Tunazo mbili. Kila baada ya wiki mbili moja inakwenda Handeni na basi, kilomita 65 hivi, na ya huko inarudi. Chumba chetu kikiungua au kikiibiwa, kazi za watoto wa Korogwe ziko Handeni, na za Handeni ziko kwetu. Mara moja kwa mwezi tunachagua nakala moja bila kupanga na kumwita mwenye kazi aifungue mbele yetu. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa mimi siihesabu.

Katika kupeleka vitu Handeni nilipata pia mafunzo mengine mawili. Tulitaka wenzetu wapate mashine ile ile "safi", nikaitoa kama faili moja la kubebeka:

VBoxManage export asubuhi -o asubuhi.ova

Flashi ya kwanza ilikataa kulipokea, ingawa ilikuwa na nafasi. Flashi nyingi hupangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Nikaipanga upya kwa exFAT, ikakubali. Nikafika Handeni nimechoka na jua, nikaiingiza mashine, nikaendesha skripti, ikasema hakuna snapshoti ya "safi". Kumbe faili la kubebeka huchukua hali ya sasa ya mashine tu. Snapshoti hazisafiri. Ukifika unaichukua "safi" upya, huko huko.

Neno kwa wazazi. Diski hizo zina majina ya watoto na ya koo zenu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata bila sheria hiyo ukoo wa mtu ni amana. Diski zimefungwa kwa neno la siri, nalo wanalijua walimu wawili tu, mmoja kila tawi. Mzazi akitaka kazi ya mwanawe itolewe humo, aje aseme.

Zoezi kwa darasa la tano na la sita

Mashine ya "jioni" ilichukuliwa snapshoti ya "safi" Jumatatu asubuhi. Jumanne mwanafunzi aliandika barua akaihifadhi ndani ya mashine, na jedwali akalihifadhi kwenye folda ya kazi. Jumatano mwalimu alichukua snapshoti ya pili, akaiita "katikati". Alhamisi mwanafunzi aliifuta barua kwa makosa. Ijumaa skripti iliirudisha mashine kwenye "safi", lakini hakuna aliyeifuta snapshoti ya "katikati".

Je, Ijumaa jioni barua inaonekana ndani ya mashine? Jedwali je? Mwalimu akiirudisha mashine kwenye "katikati" siku ya Jumamosi, kipi kitaonekana? Na kama diski ya mwenyeji ingekufa Ijumaa hiyo usiku, kipi kingepatikana, na kingepatikana wapi?

Elezeni na sababu. Majibu yaletwe kwangu Jumamosi kwenye karatasi, yameandikwa kwa mkono.